Mashindano ya vijisanamu vya mezani: nipange vipi watu wasichoke?

DaduSita: Wakuu habari zenu. Nimeangushiwa kazi ya kuandaa mashindano ya vita vya mezani, vile vijisanamu vya kupaka rangi na dadu, watu 16 wameshathibitisha. Mara ya mwisho tulicheza mtoano na majeshi ya pointi 2000 (kila askari ana bei yake ya pointi, jumla ndo ukubwa wa jeshi), raundi ya kwanza tu watu nane wako nje wanabaki kuchezea simu, halafu meza moja muda unaisha wao ndo kwanza wako zamu ya pili, maana kuna jamaa alileta askari kama mia hivi na anawasogeza mmoja mmoja na futi. Nisaidieni safari hii iwe raha na kila mtu aelewe bingwa kapatikanaje.

RefaMstaafu: Mtoano achana nao kabisa. Tumia mfumo wa Uswisi, raundi ya kwanza kura, kuanzia hapo wenye rekodi sawa ndo wanakutana na hatoki mtu. Kwa watu 16 raundi 4 zinatosha kubakiza mmoja tu ambaye hajafungwa (wasiofungwa wanabaki 8, 4, 2, 1), labda sare ziingilie. Sasa piga hesabu, pointi 2000 ni karibu masaa matatu, mara nne ni 12, nani atakaa? Shusha jeshi hadi pointi 1000 raundi iwe saa moja na nusu. Wengi wanahangaika na sheria wakati kinachoua raha ni muda.

KasiTu: Naongezea saa ya chesi, ile inayohesabu muda wa kila mchezaji peke yake, dakika 45 kila mmoja. Ila andika kabisa dakika zikiisha inakuwaje, mfano hasogezi tena wala hashambulii, anatupa dadu za kujiokoa tu, zile za kuokoa askari wake wakishambuliwa. Usipoandika utaamua ugomvi siku nzima

Brashi_Mbili: Saa kwa mgeni ni presha bure, anakosea hata vitu anavyovijua. Mi ningeweka kwenye meza za juu tu, wanakocheza wanaoongoza, au mchezaji akiomba. Na rangi zipe zawadi yake pembeni, msichanganye na pointi za ushindi. Nilishaona mtu kashinda mechi zote akawa wa tatu kisa hakumalizia kupaka miguu ya farasi, alikunja vitu vyake akaondoka bila kuaga 😂

DaduSita: Haha kweli hiyo inauma. Na watu wakilingana pointi?

RefaMstaafu: Angalia wapinzani wao wamevuna pointi ngapi, aliyepita kwenye njia ngumu anakaa juu. Usihesabu waliouawa, watu wataanza kumchinja mgeni hadi askari wa mwisho mechi ilishaisha zamani. Yote hayo yaenee ukurasa mmoja, watumie wiki mbili kabla pamoja na ramani za meza. Na uwe na jeshi lako begini, asubuhi lazima mtu mmoja atakosekana, mkibaki 15 unaingia wewe. La sivyo kila raundi wa chini kabisa anapumzika na anapewa ushindi, ila asiwe yule yule mara mbili.

DaduSita: Nimekuelewa mkuu. Jeshi ninalo, tatizo nusu bado ni plastiki ya kijivu

Brashi_Mbili: Ndo maana nimesema rangi iwe pembeni 😂