Fundi kanifungia kemu ya resi halafu ananiuliza "kwani nani alikwambia upande mlima?" MBEYA HII HII??

Kiazi_Mviringo (mleta uzi):
Wakuu salamu tutapeana baadaye, hapa natype mikono ina grisi na inatetemeka. Natoka sasa hivi kwa yule fundi wetu wa Mwanjelwa, simtaji, mnamjua, yule mwenye ovaroli ambalo sabuni linaisikia redioni tu.

Wiki mbili nyuma nilimpelekea pikipiki yangu ya Boxer, nikamwambia kaka naomba iongezeke nguvu kidogo, si unajua nabeba abiria na viazi. Akacheka, akasema mdogo wangu nguvu haiko kwenye pistoni, nguvu iko kwenye kemshafti, yaani kemu, ile shafti inayofungua valvu, vile vilango vya hewa vya injini, nikikufungia kemu ya resi valvu zinafunguka sana na zinachelewa kufunga, injini inakula hewa kama ng'ombe kaingia shamba la mahindi. Nikasema huyu kasoma. Nikatoa laki na ishirini. LAKI NA ISHIRINI.

Siku ya kwanza barabara ya Uyole kwenye tambarare, sikatai, ilikimbia, inalia mpaka kuku wanaingia ndani wenyewe. Kuanzia siku ya pili kila asubuhi kiki hamsini, na baridi hii ya Julai mguu umekuwa mnene upande mmoja. Sailensi, ile ngurumo ya chini pikipiki ikiwa imesimama, haikai, ukiachia mafuta tu imezima.

Sasa juzi natoka Mbalizi na bibi mmoja wa Kinyakyusa na nusu gunia lake la viazi. Kufika mlima Iwambi pikipiki ikaanza kukohoa, gia namba mbili, namba moja, lori la Zambia limebeba kontena likatupita, utingo ananiangalia kama msiba. Bibi akashuka mwenyewe, akajitwika gunia, akaniambia "ndaga fijo (asante sana) mwanangu, nitakusubiri juu". Na kweli wakuu, nilimkuta juu. Kakaa. Kapumzika. Kanunua na ndizi.

Leo narudi kwa fundi, naongea taratibu kwa heshima zote, kaka pikipiki mlima haipandi. Yeye anatafuna muwa. Hata kichwa hajageuza. "Kwani nani alikwambia upande mlima?"

Mbele ya watu kumi na mbili na mama ntilie! Nani alikwambia upande mlima! Mimi naishi Mbeya, hata kwenda chooni napanda mlima! Hela ningesamehe, bibi ningesamehe, ila hilo swali na ule muwa, kafyonza, katema, "nani alikwambia upande mlima", silali leo.

Mzee wa Ulanzi:
Hahahaha bibi kanunua na ndizi. Nauli alilipa?

Kiazi_Mviringo:
Alinipa buku, akasema ya kununulia dawa ya pikipiki.

Konda Mstaafu:
Chai hii. Ila fundi namjua, mimi alinipimia valvu kwa wembe. Wembe wa kunyolea jamani. Nikamuuliza fila geji, kile kipimo cha mwanya wa valvu, iko wapi, akasema "wembe ni pointi moja, fila geji ndo inadanganya".

Piston Kubwa Iringa:
Kamwene. Mleta uzi fundi kakudharau sawa, ila na wewe umejitakia. Kemu ya resi inaacha valvu wazi muda mrefu, kwa hiyo mzunguko wa injini ukiwa mdogo hewa iliyoingia inarudi ilikotoka, kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa, inashuka, ndo maana sailensi haikai na kiki unapiga hamsini. Nguvu yake ipo, ila iko juu kabisa kwenye mizunguko ambayo wewe na gunia la viazi namba mbili hamfiki. Mtu wa mizigo anatafuta kemu yenye muda mfupi, au anaacha ya kiwandani anaongeza meno ya sproketi ya nyuma, cheni mpya, kwisha. Halafu Mbeya iko kama mita 1,700 juu ya bahari, hewa nyepesi, injini ya kabureta inapoteza karibu asilimia 15 kabla hata hujabeba mtu. Na kama hakubadilisha springi za valvu, ukiivuta sana valvu inachelewa kurudi, siku moja itasalimiana na pistoni.

Kiazi_Mviringo:
Springi ndo nini? Mi nilimsikia anasema "nani alikwambia upande mlima" tu.

Mtoto wa Nzovwe:
Mkuu kwani nani alikwambia upande mlima 😂😂

Kiazi_Mviringo:
Wewe usinianze.

Dada Parachichi:
Afadhali yako una fundi anayejibu. Wa kwangu Tukuyu kachukua jenereta tangu mwezi wa tatu, kila nikipiga "niko njiani". Njia gani hiyo miezi minne, anakwenda kwa magoti?

Mzee wa Ulanzi:
Mafundi wote ukoo mmoja. Ila hakuna anayemfikia fundi cherehani. Suti ya harusi ya mdogo wangu kule Mafinga tumeletewa asubuhi ya harusi, suruali mguu mmoja mfupi. Bwana harusi kaingia kanisani kama anapanda mlima Kitonga.

Dada Parachichi:
Usinikumbushe wa cherehani!! Kitambaa changu cha kitenge nimemwona nacho mke wake sokoni. Nikamsalimia kitenge.

Konda Mstaafu:
Hahaha umesalimia kitenge. Mimi wa kwangu kila siku anasema bado vifungo. Suti ina vifungo vitatu, mwezi wa pili huu.

Kiazi_Mviringo:
Jamani turudi kwenye kemu. Katafuna muwa mbele yangu.

Mtoto wa Nzovwe:
Dada Parachichi huyo fundi wa kitenge yuko upande gani, isijekuwa ndo huyo nimempelekea sare za kwaya leo asubuhi?

Dada Parachichi:
Ana kibanda cha bati, redio kubwa, anasema "njoo Ijumaa".

Mtoto wa Nzovwe:
Kaniambia Ijumaa 😭

Piston Kubwa Iringa:
Mleta uzi hiyo kemu unauza? Nina jamaa anakimbiza tambarare za Usangu.