Tupeane uzoefu: waliosomea shahada ya afya ya umma, mlikutana na nini?

Hamjambo wadau. Mdogo wangu alifanya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, moyo wake ukiwa kwenye udaktari. Ameitwa kusomea afya ya umma, Kisumu. Tangu habari itoke hana raha, na mjomba amezidisha kwa kumwambia anaenda kusomea kukagua vyoo. Mimi ni fundi wa umeme, sijui nimwambie nini. Mliopitia huko, simulieni, mazuri na mabaya. Nitamsomea yote.

Mwaka wa nne, Kisumu
Mwambie mjomba ni kweli, vyoo tunakagua. Mwaka wa pili tulipelekwa mtaa wa Nyalenda wawiliwawili, na karatasi za kuchora: kisima kiko wapi, choo cha shimo kiko wapi, kati yao hatua ngapi. Darasani tulikuwa tumesoma habari za daktari John Snow, aliyetia vifo vya kipindupindu kwenye ramani huko London mwaka 1854 mpaka vikamwelekeza kwenye pampu moja ya maji. Nilidhani ni mambo ya mtihani. Kwenye ploti yangu choo kilikuwa hatua kumi na mbili kutoka kisimani, tena upande wa juu wa mteremko. Maji yalikuwa maangavu, ungeyanywa bila wasiwasi. Tuliyatia kwenye kichupa cha kupimia, chenye dawa ndani. Kesho yake yalikuwa meusi tititi, dalili kwamba uchafu wa choo umeingia. Mama mwenye kisima alikitazama kile kichupa, akanyamaza, kisha akaniuliza, "Kwa hivyo huyu mjukuu wangu anayeharisha kila mara?" Nilishindwa kumjibu. Tulirudi na klorini, tukampimia mbele ya majirani, tukakaa naye hadi jioni. Tangu siku hiyo sijajiona mtu aliyekosa udaktari.

Mwaka wa kwanza, Kakamega
Takwimu zitamtoa jasho. Aanze mapema, afanye hesabu kwa mkono wake mwenyewe.

Nilimaliza, niko Siaya
Atachimenti yangu, yaani mafunzo ya kazini, ilikuwa ufuoni. Tulikuwa tunahesabu neti za mbu, tukakuta nyingine zimetandazwa mchangani, omena, wale dagaa wa ziwani, wanaanikwa juu yake. Mwenzangu akaanza kuwagombeza akina mama. Msimamizi akamvuta kando: "Umeuliza?" Tukauliza. Mama mmoja akatuingiza ndani, akatuonyesha neti mpya juu ya kitanda cha watoto. Ile ya ufuoni ilikuwa kuukuu, imetobokatoboka. Fomu yetu ilikuwa na swali la "mna neti ngapi", lakini haikuwa na nafasi ya kuandika hayo. Nilijaza nyuma ya karatasi.

Muuguzi, Homa Bay
Sikusoma kozi hiyo, ila nafanya kazi na waliosoma. Chanjo ya malaria ilianza kutolewa huku mwaka 2019, na dozi ya nne huja muda mrefu baada ya ile ya tatu. Hapo ndipo wengi hupotea, maana mtoto keshakua na mama haoni sababu ya kurudi. Msichana mmoja wa afya ya umma alikaa na rejista yetu siku mbili, akaorodhesha waliokosa, kisha akatembea nyumba kwa nyumba na wahudumu wa afya wa kijiji. Mimi wodini ningewaona watoto hao wakiwa tayari na homa.

Bwana afya, Nakuru
Ndivyo wanavyoniita sokoni, ingawa mimi ni mwanamke. Nitasema la ajira, kwa kuwa halijasemwa. Afya iko chini ya kaunti tangu 2013, na kaunti huajiri inapokuwa na bajeti. Nilingoja miaka mitatu nikiuza mitumba, na iliniuma sana. Kabla hajaripoti chuoni, athibitishe kwamba shahada yenyewe inakubaliwa na baraza linalosajili maafisa wa afya ya umma. Kozi zenye majina yanayokaribiana ni nyingi, na bila usajili hataajiriwa kama afisa. Asimwachie mtu mwingine swali hilo.

Mwenye uzi
Nimemsomea jana usiku, stima zilipopotea. La baraza ameliandika, Jumatatu anapiga simu. Lakini habari ya kichupa amenirudisha nisome mara mbili. Kisima chetu hapa Vihiga alikichimba babu, na choo kiko upande wa juu. Asubuhi nimemkuta nje anahesabu hatua. Tafadhali, vichupa hivyo vinapatikana wapi?