Jangwani pakifungwa, taa za Magomeni zinaendelea kuruhusu magari kama hakuna kilichotokea

Wakuu, hili limenifika shingoni.

Kila Barabara ya Morogoro ikizibwa pale Jangwani, iwe gari zimegongana, iwe Mto Msimbazi umefurika, jiji zima la Dar es Salaam linakwama. Mtu yuko Morocco ya Kinondoni anajiuliza ajali ya Jangwani inamhusu nini. Inamhusu kwa sababu ya taa!

Mbele hakupitiki, lakini taa za Magomeni zinaruhusu kwa sekunde zilezile za siku zote. Kwenye kijani, kila njia hupitisha gari moja kwa sekunde mbili hivi. Kijani cha sekunde 40 ni magari kama 20 kwa kila njia, yanamwagwa kwenye barabara isiyo na pa kuyaweka, yanaganda katikati ya makutano. Halafu taa inahamia Barabara ya Kawawa inayokatiza hapo. Anayetoka Kinondoni kwenda Ilala, ambaye hana shida yoyote na Jangwani, anaangalia kijani chake mpaka kinaisha hajasogea hata hatua. Mwendokasi nao, basi la mita 18 limejaa watu mpaka mlangoni, wana njia yao lakini pale makutano hawapiti. Mna wagonjwa humo, mna watoto wa shule!

Akija trafiki ndiyo basi tena. Anazipuuza taa, anaita upande mmoja mpaka wa pili wanazima injini, na mwenzake wa makutano yanayofuata hajui huku kunaendelea nini. Simlaumu yeye, amesimama juani peke yake bila taarifa. Nawalaumu waliomwachia jiji zima mikononi.

Dawa inajulikana. Ajali ikitokea, unazuia magari mbali, kabla hayajafika kwenye shida. Nyekundu iongezwe Shekilango kwa wanaokwenda mjini, kijani kirefushwe kwa wanaokata Shekilango kwenda Sinza na Bamaga, halafu Morocco na Salender wapewe muda zaidi maana mzigo wote unahamia kwao. Daraja la Tanzanite, njia nyingine ya kuingia mjini, lipo tangu 2022, lakini litamsaidia nani kama gari zimegandishwa Manzese? Na barabara ikifunguliwa, Magomeni ipewe kijani kirefu mpaka foleni ikatike, maana lori linavutwa saa nne na foleni inabaki mpaka saa saba.

Sydney wana mfumo uitwao SCATS tangu miaka ya 1970, vihisio chini ya lami vinahesabu magari na taa zinajipanga zenyewe. Miaka hamsini! Sisi hata kabla ya mitambo, tunashindwaje kuwa na mtu mmoja anayeona makutano yote, mwenye redio na ruhusa ya kubadili sekunde?

Nataka jibu kutoka kwa mhusika yeyote aliyemo humu: Jangwani ikifungwa kesho saa moja asubuhi, nani ana mamlaka ya kubadili taa za Shekilango, na itamchukua dakika ngapi?