Mnaochoma pampasi na plastiki uani, na nyie mnaofunika wali kwa mfuko wa nailoni: mnatuua jamani

Wakuu, nimefungua uzi huu kwa sababu nimeongea na majirani wakanuna, nimeongea na mjumbe akanijibu "tuishi tu kwa amani mwanangu", nikaenda mpaka ofisi ya serikali ya mtaa nikaambiwa niandike barua, nimeandika na hakuna aliyenijibu mpaka leo. Sasa nayasema hapa hapa na atakayekasirika akasirike.

Mnachoma plastiki. Kila ikifika jioni huku kwetu uswahilini, na Jumamosi ndo balaa kabisa, mtu anakusanya taka za wiki nzima uani, chupa za maji, mifuko, pampasi na mavi yake humo humo, kandambili zilizokatika, waya wa pasi, kipande cha zulia, anamwagia mafuta ya taa kidogo anawasha halafu anaingia ndani anafunga madirisha. Anafunga yeye! Kwahiyo anajua kabisa ni sumu. Sisi wa upande wa pili tulioanika nguo na watoto wamelala ndo tunaupokea huo moshi, na moshi wenyewe sio wa kuni, ni mweusi mzito unatambaa chini chini mpaka unaingia ndani ya chandarua, ukiuvuta kooni unabaki na ladha kama umelamba betri, asubuhi ukipenga kamasi ni nyeusi.

Mtoto wa dada yangu ana miaka mitatu na ana pumu. Mwenye mtoto wa pumu anajua ninachoongea. Moshi ukishaingia ndani, usiku hakuna kulala, unamvua shati unaangalia kifua, kila akivuta pumzi mbavu zinabonyea kwa ndani, pua inatanuka, anataka kulia lakini pumzi ya kulia hana. Unatafuta bodaboda usiku wa manane umembeba kwenye kanga. Kule zahanati swali la kwanza la nesi: nyumbani kuna moshi? Dada afanye nini sasa, ahame? Ahamie mtaa gani ambao hawachomi?

Halafu ukiwaambia wanakujibu "mbona babu zetu walikuwa wanachoma taka na waliishi miaka mia". Jamani babu yako alikuwa anachoma nini? Maganda ya ndizi, mabua, majani ya mwembe, pumba. Babu yako hakuwa na pampasi wala bomba la plastiki, sofa ya ngozi bandia wala waya wa umeme. Ukichoma plastiki yenye klorini kama hizo bomba za PVC, maganda ya nyaya na viatu vya ngozi bandia, tena kwa moto wa chini chini wa pale uani, unatengeneza sumu zinaitwa dioksini. Hii dioksini kali kuliko zote iliwekwa kwenye kundi la visababishi vya saratani kwa binadamu tangu 1997 na taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya WHO, Shirika la Afya Duniani, yaani sio maneno ya kwenye WhatsApp. Tanuru la kuchomea taka kitaalamu linatakiwa lizidi nyuzi joto 850 ndo izo sumu ziharibike, sasa we na kiberiti chako na mafuta ya taa ya jero utazifikisha wapi?

Na hazipotei na moshi, hili ndo watu hawalielewi. Zinatua. Zinatua kwenye udongo, kwenye mchicha wako wa kwenye kiroba, kwenye maji uliyokinga bila mfuniko. Kuku wako wa kienyeji unayejisifu kwamba hana madawa, mchana kutwa anaparua lile lile shimo la majivu, anadonoa wadudu na mchanga wa pale, sumu inakaa kwenye mafuta yake na kwenye kiini cha yai, halafu yai hilo ndo unampa mtoto na mjamzito "apate nguvu". Kwa mujibu wa WHO zaidi ya asilimia 90 ya dioksini inayoingia mwilini mwa mtu inapitia kwenye chakula, hasa nyama, maziwa, samaki. Na ikishaingia kutoka ni kazi, inachukua kama miaka 7 hadi 11 mpaka nusu yake ipungue. Yaani moto wa dakika ishirini wa jirani unakaa kwenye mwili wa mtoto mpaka anamaliza darasa la saba.

Sasa sikatai, kuna upande wa pili na huo nao unanitia hasira kuliko hata majirani. Tunalipa hela ya taka. Kila mwezi kijana anapita na kitabu cha risiti, na hana mchezo, ukichelewa anakutishia mahakama ya jiji. Gari la taka lenyewe linakuja lini? Likija linasimama kule barabara ya lami dakika tano linapiga honi linaondoka, sisi wa ndani ndani ambako hata bajaji haipiti tukimbie na viroba vichwani kama tunawahi pantoni. Mama mtu mzima wa miaka sabini anakimbia na kiroba? Matokeo yake ndo hayo, mtaro umejaa, mvua ikinyesha maji machafu ndani, kiangazi wanawasha moto. Mkandarasi akiulizwa anasema gari bovu, siku nyingine foleni ya dampo la Pugu, mtaa nao wanasema wataongea nae. Kwenye risiti mbona hakunaga gari bovu?

Na sheria ipo bana. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 kifungu cha 4 kinasema kila anayeishi Tanzania ana haki ya mazingira safi, salama na yenye afya. Mifuko ya plastiki tulipigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019, tukashangilia, miezi ya kwanza kweli mji ulipumua, watu walirudi kwenye vikapu na mifuko ya kitambaa. Leo nenda sokoni uone. Vile vifungashio laini vya kuangaza ambavyo vilitakiwa viwe vya kufungia bidhaa tu ndo vimegeuka mifuko ya kubebea, nyanya za buku kifungashio, dagaa kifungashio, mkaa wa jero kifungashio, na jioni vyote vinaishia kwenye shimo lile lile la kuchomea.

Haya twende kwa mama ntilie. Na hapa nisieleweke vibaya, hawa mama zetu ndo wanatulisha mjini, bila wao wengi tungelala njaa, nawaheshimu sana. Lakini hii tabia ya kufunika wali na mfuko wa nailoni imetoka wapi? Nilikuwa nasubiri sahani yangu pale kijiweni, mama akafunua sufuria: mfuko mweusi umetandazwa juu ya wali, umetuna kwa mvuke, umelegea mpaka umegandana na punje za pembeni, akaunyanyua kwa vidole maji ya moto ya kwenye ule mfuko yakachuruzika yakarudi kwenye wali. Akapakua. Watu wakapokea sahani wakala. Nikamuuliza kwa adabu tu, mama huu mfuko wa nini, akasema "unaivisha haraka mwanangu, mkaa umepanda". Na ni kweli unaivisha haraka, mvuke hautoki. Ila ule mfuko mweusi ni plastiki zilizookotwa zikayeyushwa tena zikatiwa rangi, haukutengenezwa kwa ajili ya chakula, achilia mbali chakula kinachochemka, kilichomo humo ndani hata mwenye kiwanda hawezi kukuandikia. Joto na mafuta ndo vinavyotoa vitu kwenye plastiki vikaingia kwenye chakula. Pilau lina vyote viwili.

Na sio wali tu. Supu ya moto kwenye mfuko, mchuzi wa maharage kwenye mfuko, chipsi zimetoka kwenye mafuta yanayotokota zinaingia kwenye kifungashio mpaka kinajikunja. Bibi zetu walikuwa wanafunika chungu kwa jani la mgomba na juu wanapalia makaa, chakula kinaiva na kinanukia, na jani unamtupia mbuzi. Hotpoti zimejaa kila nyumba, zimepangwa kabatini zinasubiri wageni wa sikukuu! Toka na hotpoti yako nenda nayo kwa mama ntilie, nani atakucheka?

Mkaa nao. Watu wanawashia mkaa kwa vipande vya plastiki na mpira wa tairi, jiko liko mlangoni, mama ameliinamia jicho linatoka machozi na mtoto mgongoni. Huyo mtoto wa mgongoni ndo anaumia kuliko wote. WHO wamesema mwaka 2020 moshi wa kupikia majumbani uliua watu kama milioni 3.2 duniani, na zaidi ya 237,000 kati yao ni watoto chini ya miaka mitano. Na wengine bado wanaingiza jiko la mkaa ndani walale nalo, huko mikoa ya baridi Njombe, Mbeya, kila mwaka tunasoma habari familia imekutwa imekufa, ile hewa ya kaboni monoksaidi haina harufu wala rangi, unasinzia ndo basi.

Najua jibu lenu, gesi ghali. Nakubali. Tarehe 8 Mei 2024 Rais alizindua mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, lengo ni asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034. Vizuri sana, naunga mkono. Mitungi ya kilo 6 imegawiwa kwa mbwembwe, picha zikapigwa. Sasa nendeni mkahesabu ni mingapi iko chini ya meza imekauka, kwa sababu kujaza ni zaidi ya elfu ishirini kwa mkupuo na mama wa watu anapata elfu tatu elfu nne kwa siku, mkaa anaupima wa buku lake anapika leo, kesho ni habari nyingine. Mtu wa namna hiyo kumpa mtungi bila njia ya kununua gesi kidogo kidogo kama anavyonunua mkaa ni kumpa pambo. Hilo wahusika walisikie, lisiishie kwenye majukwaa.

Ila kwa wenye umeme ndani nawaambia tu, yale majiko ya umeme ya presha mnayapita dukani mnaogopa luku bure. Maharage kilo nzima hayamalizi uniti moja, na uniti kwa mtumiaji wa kawaida ni kama shilingi 356. Linganisha na mkaa wa kuchemshia maharage. Tatizo ni bei ya kulinunua lile jiko, hapo ndo vikoba vyetu vingefanya kazi ya maana kuliko kununua sare za harusi.

Nyanya sitazisema sana maana ni uzi wake peke yake, lakini mnanunua nyanya zina unga mweupe juu na mnazifuta kwenye kanga mnakatia kachumbari. Ule mara nyingi ni dawa. Kwenye kopo imeandikwa siku za kusubiri toka kupulizia mpaka kuvuna, mkulima akisikia bei sokoni imepanda hazisubiri, anavuna. Osheni kwa maji yanayotiririka. Na mchicha wa bonde la Msimbazi, mto ule unapokea maji ya viwandani na ya vyooni, mtu anachota anamwagilia, tunakula.

Kuna mmoja atakuja hapa aniambie haya ni mambo ya wazungu na wenye hela za kula oganiki. Naomba asije kabisa. Mwenye hela anaishi mtaa ambao gari la taka linafika getini, anapikia gesi, mtoto wake akibanwa kifua ana bima na gari. Moshi huu ni wetu sisi, unaua watoto wa huku.

Ninachotaka ni hiki. Majirani, taka za jikoni fukieni au wekeni mboji, zile ndo nyingi na ndo zinanuka, chupa wapeni vijana wa makopo wanapita kila siku wanazitafuta. Pampasi na plastiki nyingine zifungeni zisubiri gari, na gari tulidai kwa pamoja. Wapangaji tukikubaliana nyumba kumi tusilipe mpaka gari lifike ndani, au walete mkokoteni wa kukusanya kwenye vichochoro, watatufunga wote?

Na wanasheria mliomo humu, nasikia sheria hiyo hiyo ya 2004 inamruhusu mtu yeyote kumfungulia kesi anayehatarisha afya za watu kwa kuchafua mazingira. Naanzia wapi, mahakama ya mwanzo, kwa bwana afya wa kata au NEMC, lile baraza la taifa la mazingira, moja kwa moja? Nina picha, nina video za moto na sauti za wanaokohoa, nina risiti zote za hela ya taka na nakala ya barua yenye muhuri wa kupokelewa. Nielekezeni hapa hapa chini na wengine wafaidike, Jumatatu naenda.