Watoto wetu na ngoma za Kiingereza shuleni: tupeane uzoefu tulioko Uingereza

Mama Nasra, Leicester
Jana binti yangu wa miaka minane karudi na karatasi: Ijumaa avae nguo nyeupe, watacheza kuzunguka mlingoti wa Mei, kila mtoto na utepe wake. Nikaukumbuka mtihani wangu wa uraia, maswali 24 kwa dakika 45, upate 18. Nilikariri kuwa siku ya Mtakatifu George ni Aprili 23, basi. Binti yangu anayaingia haya kwa miguu yake. Nyie mlifanyaje?

Bin Pemba
Mimi nilikataa. Mtoto wangu hazunguki nguzo. Nilimwandikia mwalimu kwa adabu, yakaisha.

Shangazi wa Luton
Makunduchi kila Mwaka Kogwa wanaume wanachapana migomba na kibanda kinachomwa moto, na ni Waislamu wenzako. Nyinyi Pemba mnafunga msewe miguuni. Nguzo ndiyo imekuwa haramu?

Bin Pemba
Msewe ni wa babu zangu. Huo mlingoti ni wa babu za nani?

Baba Imani
Acheni ubishi niwaambie yaliyonikuta. Mwaka 2015 tulikuwa mji mdogo wa Shropshire, karibu na mpaka wa Wales, mwanangu ana miaka sita. Tukasikia njuga. Moyo ulinienda mbio, nikadhani ngoma ya nyumbani. Wakatokea wanaume kama kumi, wachezaji wa morris, ngoma ya jadi ya Kiingereza, makoti ya viraka, fimbo mkononi, nyuso zote wamepaka rangi nyeusi tii. Mwanangu akautazama mkono wake, akawatazama wao. "Baba, wale wanajifanya sisi?" Watu wanapiga makofi, mimi sina jibu. Mzee mmoja wao akatufuata, jasho linateremsha ile rangi hadi kwenye kola, akanieleza ni desturi ya zamani, maskini walificha nyuso wasitambuliwe wakiomba pesa wakati wa baridi. Alisema kwa upole kabisa. Lakini usiku ule mtoto alilala kitandani kwetu, na haikuwa kawaida yake.
Mwaka 2020 vyama vyao vilipokubaliana kuacha kupaka uso mzima rangi nyeusi, nilimwonyesha habari ile. Akaniambia, "Kwa hiyo walitusikia."

Dada Coventry
Pole sana kaka. Nimesoma machozi yananitoka.

Mzizima
Sisi yalitukuta hayo hayo. Sikuwahi kumwambia mtu.

Bin Pemba
Baba Imani, hapo nakuunga mkono.

Msaidizi wa Darasa
Nafanya kazi shule ya msingi. Ngoma hizi za morris nusura zipotee. Cecil Sharp, aliyekuja kuzikusanya na kuziandika, aliwaona wachezaji wa Headington Quarry, kijiji cha karibu na Oxford, Desemba 26, 1899. Mpiga konsatina wao (kinanda kidogo cha mkononi), William Kimber, alikuwa mwashi, na baridi kali ilikuwa imewakosesha kazi, ndiyo maana walitoka kucheza kutafuta chochote. Na hilo jina "morris" asili yake ni Wamoor, watu wa Afrika Kaskazini. Mimi watoto wetu nawaambia yote mawili kabla hawajafunga njuga.

Shangazi wa Luton
Mpeleke acheze. Jumamosi mlete kwangu nimfundishe za kwetu.

Mzizima
Mpeleke, ila muulize mwalimu kwanza kama kuna kujipaka rangi.

Dada Coventry
Usiulize, utamtia mtoto woga bure.

Mama Nasra, Leicester
Nimeuliza. Hakuna rangi. Sketi nyeupe tumepata, utepe wake ni wa kijani, na tangu jioni anazunguka nguzo ya kamba ya nguo uani. Baba Imani, yako nimemsomea mume wangu mara mbili.