Ati "nyie mnaanika karafuu, sisi tunaanika vioo"! Bi mkubwa wangu kaambiwa hivyo leo

Jamvi_la_Bibi

Assalamu alaykum. Naandika mikono inanitetemeka, nivumilieni kwa herufi.

Yule bwana wa kofia ya njano, wa mradi wa vioo vya sola, mnamjua. Huyo huyo wa gari nyeupe, anayepita asubuhi mbio kama anafukuzwa na nyuki, vumbi mpaka ndani ya chungu. Leo kaja kwetu. Hakupiga hodi. Kaja na buti zake, kapita juu ya jamvi la karafuu za bi mkubwa, mama yangu. JUU YA JAMVI. Karafuu za siku ya pili, bado laini zile. Bi mkubwa akamwambia kwa upole, "Mwanangu, hapa pameanikwa." Alivyomjibu sasa: "Kwani tofauti iko wapi, bibi? Nyie mnaanika karafuu, sisi tunaanika vioo."

Akacheka. Peke yake.

Wallahi pishi lilikuwa mkononi mwangu. Asingenikazia jicho bi mkubwa, saa hizi ningekuwa naandika habari nyengine.

Kwa msiopita njia hii ya Wete kwenda Konde, huku Pemba: ule uwanja ulio katikati ya nyumba zetu, tuliokuwa tukianikia sote msimu ukifika na watoto wakicheza mpira msimu ukiisha, umezungushiwa waya, umejaa vioo vya sola. Si kioo cha kuchajia simu. Kimoja mita mbili na ushei, nikisimama nacho kinanipita kichwa, na vimepangwa safu kwa safu mpaka mlangoni kwa watu, utadhani umeme wa Afrika nzima utatoka hapa kwetu. Alasiri jua likiinama, mng'aro unaingia dirishani. Bi mkubwa anasali kafumba macho. Kuku wangu hawajui tena wakalale saa ngapi. Na lile sanduku la inverta, linalogeuza umeme wa sola uwe wa kutumika majumbani, wameliweka hatua kumi na chumba chake, kutwa linavuma kama nyuki waliofungiwa debeni.

Tukiuliza, sheha anasema na yeye kaambiwa tu.

Sola siikatai, mimi mwenyewe nina kipaneli juu ya bati. Mabati ya skuli yapo, ya soko yapo, ya maofisi yapo, na hakuna anayeanika karafuu huko juu. Wangeanza huko. Lakini hilo siku nyengine, leo nazungumzia buti. Nimekwenda kulitazama tena lile jamvi: alama ya soli ipo vile vile, mistari yake yote unaihesabu, na karafuu za chini yake zimekatika vichwa. Bi mkubwa kainama anaziokota moja moja, hasemi neno. Mtu kaanika pahala pale tangu hajaolewa, leo anaulizwa tofauti iko wapi! Karafuu mtu anaipandia mtini, akiteleza anavunjika. Kioo kakipandia nani?

Bint_Gombani
Ndo huyo huyo! Kwetu kaegesha gari juu ya kamba ya nguo. Kanzu ya Ijumaa ya baba ikatoka na alama ya tairi mgongoni.

Ngalawa_Mbovu
Pole yakhe, lakini buti moja linakanyaga karafuu ngapi? Hata robo pishi hazifiki, na wewe umetuandikia khutba.

Jamvi_la_Bibi
Sihesabu karafuu mimi. Kamcheka mama yangu, na kasimama juu ya kazi yake.

Wa_Fuoni
Mng'aro tu huo? Sisi Unguja tulikaa kiza tangu Disemba 2009 mpaka Machi 2010 umeme wa bara ulipokatika. Pampu hazifanyi kazi, maji ya ndoo, mji mzima majenereta. Vileteni huku hivyo vioo, uwanja wangu nautoa leo.

Mkaa_Wesha
Miezi mitatu ndo unatuhadithia? Waya wa baharini kutoka Tanga umetufikia Pemba 2010. Kabla ya hapo sisi na majenereta ya Wesha, na hatukufungua uzi.

Wa_Fuoni
Hamkufungua kwa sababu simu zilikuwa hazina chaji.

Mchumaji
Mimi vioo havinisumbui. Vibarua wa msimu huu ndo wamenimaliza. Wanataka hela ya pishi kabla hawajapanda, wakishuka wameacha matawi yananing'inia. Huyo wa buti kaharibu jamvi moja, hawa wananiulia mkarafuu wenyewe.

Bint_Gombani
Wako bora wanachuma. Mvua ya juzi imenipiga majamvi matatu, zote zimekuwa mpeta. Nitazipeleka kwa nani mimi?

Wa_Fuoni
Mpeta ndo nini?

Mchumaji
Karafuu iliyokosa jua ikavunda. Inakuwa nyepesi, imepauka, mafuta hamna. Nyie wa Fuoni mnajua urojo tu.

Ngalawa_Mbovu
Na urojo wenyewe siku hizi! Juzi nimeshuka Unguja, nikaenda kuunywa Forodhani, nimepewa maji ya embe na bajia moja. Moja!

Wa_Fuoni
Ulikwenda kwa watalii. Ungeniuliza mimi.

Jamvi_la_Bibi
Jamani, buti! Tulikuwa kwenye buti.

Mkaa_Wesha
Huo urojo unatiwa mbatata au muhogo? Maana wengine sasa wanatia muhogo mtupu.

Jamvi_la_Bibi
Bi mkubwa kamaliza kuokota. Anasema kesho anahamia uani kwa jirani, pale kivuli cha nyumba kinachelewa kufika. Hili jamvi limechanika pale alipogeuzia kisigino. Kuna mwenye jamvi la ziada njia hii ya Konde?

Bint_Gombani
Ninayo mawili, moja limetoboka pembeni. Njoo baada ya isha, uje na tochi, kwetu umeme umekatika.