Naomba ushauri: doula wa kuwa na mke wangu leba, Dar

Habari zenu wakuu. Mke wangu ana ujauzito wa wiki 32, uzao wa kwanza. Mama mkwe yuko Songea anamuuguza mzee, hawezi kuja. Shoga yake ametushauri tutafute doula. Nilivyoelewa, huyu si mkunga: hapimi njia wala hazalishi. Anamkanda mgongo, anamtembeza, anamkumbusha kupumua uchungu ukipamba moto, kisha anakuja nyumbani kumwelekeza kunyonyesha. Dada yangu kacheka, eti tulipe mtu wa kushika mkono! Mimi naona hela hiyo si ya bure, maana WHO kwenye mwongozo wake wa 2018 inapendekeza mzazi awe na mtu aliyemchagua mwenyewe wakati wote wa uchungu.

Shida ni hospitali. Nesi alitujibu mkato: ndugu wanasubiri nje. Vitanda vimetenganishwa kwa pazia tu, kwa hiyo mimi mwanaume kukataliwa naelewa. Ila mwanamke mwenzao?

Waliowahi, mliongea na nani mpaka doula akaruhusiwa? Matroni? Na malipo mlipatana kwa siku, au mpaka arobaini iishe? Chumba binafsi hatukimudu.